Mjomba, Huku Baiskeli ni Kosa



Mjomba, hebu weka chini hiyo tyubu kwanza, usije ukatumbukia ndani ya beseni la kutafutia pancha. Huku Ujerumani kuna kisiwa ambako kuendesha baiskeli ni marufuku. Usidhani ni tangazo la mwenyekiti wa mtaa. Ni kanuni za usalama barabarani za nchi nzima, kifungu cha 50, kilichoandikwa kwa ajili ya kisiwa hicho kimoja tu: Helgoland, magari marufuku, baiskeli marufuku. Sentensi moja, kifungu kimekwisha.

Na mimi nilikuwa nimekwenda kukizunguka kwa baiskeli.

Wote mlioko barazani, Helgoland mnaijua. Ndiyo ile tuliyokaririshwa shuleni, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Mwingereza akampa Mjerumani kisiwa hiki. Mjerumani akaiachia Witu na kukubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Mwingereza. Tena Mwingereza akaahidi kumbana Sultani auze ukanda wa pwani, Bagamoyo yetu ikiwemo. Sultani akauza, kwa mark milioni 4. Watu husema Zanzibar ilibadilishwa na Helgoland, lakini Zanzibar haikuwa ya Mjerumani hata siku moja. Alitoa asichokuwa nacho, akapewa mwamba. Basi nikasema mtoto wa Dunda, Bagamoyo, nina haki ya kwenda kukagua bei. Nikanunua kaptura ya kubana wanayovaa waendesha baiskeli, ile ambayo Shangazi angeiona angenirushia kanga nijisitiri, na kofia ngumu juu yake. Baiskeli nitakodi hukohuko, nikajiambia.

Meli ilitia nanga nje. Zikaja mashua za mbao, na mabaharia wawili wakawa wanamdaka kila abiria kwapani na kumshusha, mawimbi yakichezesha chombo. Wenzangu walipiga mayowe na picha. Mimi nilitulia tuli. Kwetu abiria hushuka jahazini maji yakiwa magotini, viatu mkononi, na hakuna anayemdaka. Ila baharia aliitazama kofia yangu kichwani, akanishika kwa upole kupita wote. Nadhani alijua namna mtu anavyoogopa bahari.

Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita moja ya mraba hivi, na wakazi kama 1,300. Kuna mji wa chini na mji wa juu, na katikati lifti ya kulipia. Ni kama daladala: nauli unatoa, unasimama umebanana na watu, ila unapelekwa juu badala ya Makumbusho.

Sasa nikueleze chombo chao, Mjomba, maana wewe ni fundi. Kina magurudumu mawili yenye tairi za upepo. Kina usukani, breki, kengele, na mbele kikapu. Kisichokuwepo ni tandiko, pedeli na cheni. Mtu anasimama kwa mguu mmoja kwenye ubao, na kwa mguu wa pili anaisukuma ardhi. Kwa kuwa hakina pedeli, si baiskeli, na kwa kuwa si baiskeli, kifungu cha 50 hakikihusu. Mama mmoja wa makamo, kikapu kimejaa vitunguu na maziwa, alinipita mteremkoni kwa kasi ambayo bodaboda wa Magomeni angempisha. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akitazama bahari: kama hatari ni mbio, mbona huyu anakimbia? Akafikiri sana. Kisha akasema kwamba baiskeli ni baiskeli. Nikamshukuru. Na nikaikumbuka Phoenix yako, isiyo na pedeli ya kushoto, cheni inayolala mfukoni mwako na tandiko lililobaki bomba tupu. Nina hakika huku ingepita kihalali.

Basi nikatembea kwa miguu, na kaptura yangu. Watu wa huku wana salamu moja, Moin, asubuhi Moin, jioni Moin, na hapo imekwisha. Hawaulizi za kwenu, hawaulizi mama hajambo. Nyumbani kutoka sokoni hadi Kaole kwa baiskeli ningesimamishwa na kila baraza, na kila baraza ingetaka kujua lini naoa. Nilikuwa nalalamika sana juu ya hilo. Mniulize basi, kwa barua.

Kwenye ncha ya kaskazini kuna nguzo ya mwamba mwekundu, mita 47, imesimama peke yake baharini, na majabali ya jirani yamejaa ndege weupe wanaokula samaki. Harufu yake, Shangazi! Shombo tupu. Nikafumba macho nikawa kwenye soko la samaki jioni, mafuta yanachemka, pweza anakatwakatwa. Wajerumani wenye darubini walikuwa wamejifunika pua. Mimi niliondoka pale upepo ulipogeuka.

Hata hiyo bei, yaani kisiwa chenyewe, haikutunzwa. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa wamekitwaa tena, walilipua tani kama 6,700 za baruti humuhumu, na hawakukirudisha kisiwa hadi 1952. Leo wageni wengi wanakuja kununua pombe, sigara na manukato, kwa sababu kisiwa kiko nje ya ushuru wa Ulaya. Visiwa vya mkataba mmoja, na vyote watu wamevifuata kwa bei nafuu! Mnaikumbuka Unguja ile ya redio na televisheni, na jasho letu mbele ya ushuru bandarini Dar.

Shangazi, manukato yako nimeyapata, chupa ndogo. Mjomba, uliniagiza kengele ya Kijerumani. Niliiulizia hukohuko. Muuzaji akanitazama kaptura, akanitazama kofia, akanielekeza kwenye rafu ya wiski.