Sifa za Lori Lenye Kasoro

Wako wanaosifu majahazi, wako wanaosifu farasi, na siku hizi wako wanaosifu simu zao kuliko wazazi wao. Mimi nataka kumsifu asiye na msifu: lori la kijeshi la plastiki, la kuunganishwa kwa gundi, lililotoka kwenye boksi na makosa yake yote. Nieleweke mapema kwamba sisifu lori zuri. Lori zuri lina watetezi wa kutosha. Nasifu lile lenye milango iliyojaa vishimo, taa zilizoziba kama vifundo na bodi nene kupindukia, kwa kuwa hilo ndilo lenye faida kwa mwanadamu.

Ada ya sifa ni kuanza na ukoo, na lori letu lina ukoo wa kutisha. Mzazi wake ni GMC CCKW, lori la Kimarekani la tani mbili na nusu, lenye ekseli tatu na zote zinasukuma. Lilitoka viwandani kuanzia 1941 hadi 1945, hasa Pontiac katika jimbo la Michigan, na yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni. Hata jina lake ni cheti cha kuzaliwa: C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941; C ya pili ni kabini ya kawaida; K ni ekseli ya mbele inayosukuma; W ni ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Askari hawakuwa na muda wa herufi zote hizo, wakaliita Jimmy.

Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Washirika yalikimbia kuvuka Ufaransa mpaka yakaziacha bohari zao mbali nyuma, na reli zilikwisha kupigwa mabomu. Ndipo ulipoanzishwa msafara wa Red Ball Express, wa malori ya Jimmy hasa, uliodumu kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba. Siku moja tu, tarehe 29 Agosti, magari 5,958 yalisomba tani 12,342 za shehena. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililokuwa bado linawatenga na wenzao weupe. Wengi wao waliona spidi gavana iliyofungwa kwenye kabureta inawachelewesha, wakaing'oa. Msomaji aliyewahi kupanda matatu hahitaji maelezo zaidi. Baada ya vita, Jenerali Eisenhower, aliyekuwa kamanda wa majeshi hayo, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1948, na alipotaja vifaa vilivyochangia sana ushindi, hakulisahau lori hilo.

Huyo ndiye mzazi. Mtoto hajabeba hata njiti ya kiberiti, wala hakusudii.

Hata umbo lake la udogo lina asili ya unyenyekevu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifaru kidogo cha Panther chenye mota ndani. Ilibidi kifaru kipate upana wa kuingiza betri. Baadaye kilipopimwa dhidi ya kifaru halisi, kikaonekana ni sehemu moja ya 35. Kipimo hicho ndicho kilichoenea duniani kote kwa magari ya kijeshi ya plastiki, na ndicho kinacholifanya lori la mita sita na nusu litoshe kwenye sentimita 18 na ushee. Falme nyingine hujengwa juu ya upanga. Hii imejengwa juu ya betri za tochi.

Sasa tuje kwenye fadhila zenyewe. Ya kwanza ni unene. Kiwanda hakiwezi kumimina plastiki nyembamba kama bati, hivyo madigadi hutoka na unene wa karibu milimita moja. Zidisha kwa 35. Umepata madigadi ya milimita 35, wakati ubavu wa kifaru cha Sherman ulikuwa na chuma cha milimita 38. Ulilipia lori la mizigo, ukapewa gari la deraya bila nyongeza ya senti. Asiye na shukrani atalalamika. Mwenye shukrani atachukua ncha ya kisu, akwangue ukingo kwa upande wa ndani, polepole, mpaka mwanga uanze kupenya. Hagusi katikati ya madigadi, kwa sababu jicho halioni unene. Linaona ukingo, mengine linajijazia lenyewe. Wapo watu waliosoma vyuo vikuu miaka mingi bila kujua hilo kuhusu macho yao.

Fadhila ya pili ni mihuri. Plastiki ya moto hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma, na ikishapoa, pini za chuma huisukuma itoke. Kila pini huacha duara lake. Mwenye kalibu kwa kawaida huyaficha maduara hayo upande usioonekana, lakini lori la mizigo ni kiumbe kisicho na siri: bodi haina paa, kabini nyingine ni za turubai, milango hutazamwa pande zote mbili. Basi maduara huangukia katikati ya sakafu ya bodi, mbele ya macho ya watu. Ukiyajaza puti na kupiga msasa, mistari ya mbao iliyochorwa sakafuni nayo inafutika. Ukiichonga upya kwa ncha ya sindano, inatoka imepinda, inabidi ujaze tena. Kasoro moja imezaa ya pili, ya pili imezaa ya tatu, na mwenye nyumba ana kazi ya kufanya mpaka mvua za masika ziishe. Serikali ngapi zimeahidi ajira ya namna hiyo zikashindwa?

Na kabla hujachonga mbao hizo, yakupasa ujue kama zilikuwepo. Bodi za mwanzo za CCKW zilikuwa za chuma. Chuma kilipohitajika kwingine, zikaja za mbao, kisha zikaja za mchanganyiko wa mbao na chuma. Kabini nazo zilianza kuwa za bati zenye milango na vioo, baadaye zikawa za wazi zenye turubai. Kwa hiyo lori haliwezi kuwa lori tu. Lazima liwe la kipindi fulani, kikosi fulani, barabara fulani. Mtu aliyenunua boksi ili apumzishe akili Jumamosi hujikuta usiku wa manane anachunguza picha za rangi ya kijivu akiwa na kioo cha kukuzia, akihesabu vyuma vya ubavuni mwa bodi.

Fadhila ya tatu iko chini, na hapa naomba wasomaji wakae vizuri. CCKW halisi ilikuwa na aina mbili za ekseli, kwa kuwa kiwanda kimoja hakikutosheleza mahitaji. Moja ilitengenezwa na Timken, nayo ina nyumba ya difu iliyogawanyika katikati. Nyingine, ya GM, ina difu la mviringo, nayo huitwa banjo kwa kufanana na ala hiyo ya muziki. Mafundi wa malori haya ya plastiki wamegawanyika juu ya jambo hili kuliko ilivyogawanyika nyumba yenyewe ya difu. Kuna mtu mzima, baba wa familia, mwenye kazi ya heshima mjini, ambaye hawezi kulala akijua kwamba lori lake lina banjo ilhali picha inaonyesha Timken. Ataikata kwa msumeno mwembamba kama uzi. Atachonga nyingine kwa vipande vya plastiki. Atazitenganisha springi, ambazo boksi limezileta zikiwa gogo moja, kwa kuzichora jani moja moja.

Kisha atafungua boneti. Injini ya silinda sita, ya lita 4.4, imekuja laini bila hata waya mmoja. Anachukua kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye boksi, anakipitisha juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha moto, anakizungusha mpaka kinaanza kung'aa na kulegea, kisha anakivuta kwa mikono miwili. Kinatoka uzi. Akivuta haraka ni mwembamba, akivuta taratibu ni mnene. Anatafuta ule wa sehemu mbili za kumi za milimita, kwa sababu mara 35 hiyo ni milimita saba, unene wa waya wa plagi. Anakata saba: sita wa kwenda kwenye plagi, mmoja wa kuleta moto kwenye distributa. Anatoboa tundu kwa kekee ya vidole, anachovya ncha kwenye tone la supa gluu, anashusha kwa kibano huku amebana pumzi. Waya wa tano ukiruka kutoka kwenye kibano, hauonekani tena katika maisha haya.

Kazi ikikamilika, anafunga boneti. Analisimamisha lori juu ya magurudumu yake, na difu linatazama chini. Hakuna binadamu atakayeona Timken wala waya wa plagi mpaka kiama. Nauliza: ni bwana gani mwingine anayetaka ukamilifu mkubwa namna hii na kulipa mshahara mdogo namna hii, na bado watumishi wake wakapanga foleni? Wafalme walijenga makasri wakataka yaonekane baharini. Fundi wetu amejenga kasri akaligeuza kifudifudi.

Fadhila ya nne ni ya kiuchumi. Boksi lenyewe si ghali sana, na hapo ndipo ukarimu wake ulipo, kwa kuwa linakuachia fedha za kununulia kila kitu ambacho halina. Bati jembamba la shaba, lililokatwa kwa tindikali, kwa ajili ya kinga za taa. Matairi ya rezini yaliyobonyea kidogo chini, ili lori lionekane lina uzito. Stika nyingine, kwa kuwa zilizokuja zina nyota zisizo nyeupe vya kutosha. Mwisho wa hesabu, vya kurekebishia vimepita bei ya kilichorekebishwa. Haki inanitaka niseme kwamba turubai ni bure: tishu ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikatandazwa juu ya vyuma vya bodi, ikavutwa mikunjo kwa brashi, ikaachwa ikauke. Hiyo hupita turubai zote za plastiki, na hakuna anayependa kuulizwa imetengenezwa kwa nini.

Fadhila ya tano ni uchafu. Baada ya miezi ya kukwangua, kujaza, kusugua na kupuliza rangi ya kijani cha jeshi mpaka lori linang'aa kama la maonyesho, fundi huchukua rangi ya mafuta iliyolegezwa kwa thina na kulichafua. Anapaka kutu kwenye ekzosi, vumbi la barabara za Ufaransa kwenye madigadi, alama za viatu vya matope kwenye kidato cha dereva. Nyumbani kwake huyo huyo hajaosha gari lake halisi tangu Krismasi, na hajafikiria hata mara moja kwamba lina thamani kwa sababu hiyo.

Wapinzani wapo. Wa kwanza huwa wa ndani.

“Baba Amina, hili lori linabeba nini?”

“Halibebi kitu, Mama Amina.”

“Mbona limebeba meza yangu yote?”

Hoja hiyo haina jibu, nami sitajifanya ninalo.

Wa pili husema huu ni mchezo wa watoto. Laiti ungekuwa! Watoto wa vijiji na mitaa yetu wamekuwa wakikunja magari ya waya, matairi wakayakata kwenye kandambili zilizochakaa, usukani wakauweka kwenye mti mrefu, na ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Hawakusubiri boksi wala maelekezo, na gari lao linatembea. Mtu mzima mwenye vipande vilivyokatwa tayari na picha za kila hatua ana lori lisilokwenda popote. Kumwita mtoto ni kumpandisha cheo.

Wa tatu husema heri kujenga kifaru. Sawa, lakini kifaru ni sanduku: ukifunga vifuniko, ndani hakuna anayekudai. Lori hudai kila kitu, kiti cha dereva, pedali, vioo, saa za dashibodi zenye tone la vanishi juu ya kila moja ili zing'ae kama vioo. Kifaru kina bunduki ya kujitetea mbele ya wakosoaji. Lori halina ila ukweli wake.

Imebaki hatari moja, nayo inanisumbua. Viwanda vinazidi kuwa stadi. Kalibu zinasanifiwa kwa kompyuta, maduara yanafichwa vizuri zaidi, kingo zinakonda. Itafika siku mtu atafungua boksi akakuta lori lisilo na kosa: ekseli sahihi, springi zenye majani yake, nyaya za plagi zote saba. Atafanya nini masikini huyo? Ataliunganisha jioni moja, alitazame, kisha arudi sebuleni kuzungumza na familia yake. Jamii nzima ya watu waliokuwa hawamdhuru mtu itatawanyika mitaani bila kazi.

Lakini nadhani ninaogopa bure. Watu hawa hawashindwi kirahisi. Watalizunguka lori hilo kamilifu, rula mkononi na picha ya 1944 pembeni, na kabla ya adhana ya Isha mmoja wao atakuwa amegundua kwamba ribiti ya pili ya bumpa, upande wa kushoto, imesogea nusu milimita. Atapiga simu kwa wenzake. Watapongezana kama waliopata mtoto, na asubuhi duka la vifaa litafungua mlango likute foleni ya watu wazima wanataka msasa.