Mzigo wa Shemeji

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa baiskeli, umekwenda kutembea. Huo ndio msimamo wangu, na nimeutetea mbele ya watu wazima. Njia ni lami mwanzo hadi mwisho, kilomita 65 hivi, na kila ukichoka yupo mtu pembeni anauza mihogo, maji baridi au vocha. Kupotea ni kazi ya kukusudia. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasema hapana, ule ulikuwa msafara. Neno hilo hulitamka kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, tangu jioni ile alipokuja nyumbani na ramani, dira, na suruali ya kubana iliyoshonewa kigodoro makalioni.

"Shemeji, tunatoka alfajiri," akaniambia. "Likitokea lolote njiani, usirudi nyuma."

Begi lake liliegemea ukuta wa sebule yetu. Ndani mlikuwa na hema, jiko la gesi, taa ya kuvaa kichwani, dawa ya kufukuzia nyoka, viatu vya akiba, na kamba ya kupandia milima. Mke wangu aliliangalia lile begi juu hadi chini, akamuuliza mdogo wake kama mwenye nyumba amemfukuza. Mimi nilikuwa na Phoenix nyeusi yenye keria, na kwenye keria nilifunga mfuko wenye chapati, tyubu ya akiba na taulo.

Shahidi wangu katika ubishi huu ni Mwingereza aliyehamia Marekani, Thomas Stevens. Aprili 1884 aliondoka San Francisco juu ya baiskeli ya zamani zile, gurudumu la mbele refu linakaribia kifua cha mtu, la nyuma dogo, na breki ya kumwombea dua mpandaji. Desemba 1886 alifika Yokohama, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, ukiacha bahari, ambako hata yeye alipanda meli. Mizigo yake ilikuwa soksi, shati la kubadilisha, koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema, na bastola. Hakuwa na kamba ya kupandia milima, na milima aliikuta.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Stevens huyo huyo kuja pwani yetu kumtafuta mpelelezi Stanley, ambaye alikuwa bara na hajulikani alipo. Mtu aliyekatiza Uajemi na India kwa miguu yake mwenyewe alifika huku akaajiri wapagazi, wakajitwika mizigo kichwani, yeye akatangulia na daftari. Kitabu alichokiandika baadaye kina jina lake kwenye jalada. Kwangu mimi tofauti yote imelala hapo. Mzigo ukiubeba mwenyewe, hayo ni matembezi, hata kama umeizunguka dunia. Wakikubebea wengine, halafu wewe ukaandika kitabu, huo ni msafara, hata kama umeishia Kibaha.

Shemeji nilimweleza haya tukiwa Tegeta. Alinijibu kwamba anaokoa pumzi.

Bunju tulipishana na wauza mkaa wanaokwenda mjini. Mmoja alikuwa amefunga magunia nyuma ya baiskeli yake hadi yeye mwenyewe haonekani, unaona mkaa unapanda kilima na miguu miwili inazunguka chini yake. Alivaa kandambili. Shemeji, mwenye kofia ngumu, miwani ya njano na glovu zisizo na vidole, alikuwa ameshuka anasukuma. Mkaa ukatusalimia: "Poleni na safari, wazee." Tukaitikia. Mtu yule huenda angefika Bagamoyo na kurudi kabla ya sisi kumaliza kunywa maji, na hakuna gazeti litakalomuuliza alijisikiaje.

Msiba ulitupata Mapinga. Tairi la nyuma la shemeji lilitoa mlio mfupi, likalala. Baiskeli yake ni ya mbio, nyepesi, ya kununuliwa kwa mkopo. Alifungua begi akatoa hema, akatoa jiko, akatoa viatu, barabara nzima ikawa mnada, na chini kabisa akapata pampu. Ilikuwa pampu ya godoro la upepo. Godoro lenyewe alikuwa amelisahau.

Chini ya mwembe alikuwapo fundi, mzee wa makamo, na beseni lake la maji na mapindo ya tyubu zilizokufa. Akaishika valvu ya shemeji kwa vidole viwili. Ilikuwa nyembamba kupita pampu yoyote aliyokuwa nayo.

"Hii valvu ya wapi?"

"Ya Ulaya, mzee."

"Basi ipeleke Ulaya wakaijaze."

Kisha akamuuliza kwao wapi. Shemeji akasema Tabora. Lo! Fundi, Mzaramo wa pale pale, akaweka chini koleo lake apate nafasi ya kucheka vizuri. "Mtani wangu kumbe! Babu yako alitoka Unyanyembe kwa miguu, pembe ya ndovu begani, hadi hapo Bagamoyo, na njiani anaimba. Wewe unatoka Dar kwenye lami, umeshindwa na begi la nguo?" Watu waliokuwa wakisubiri kujaziwa upepo wakajongea karibu. Utani wa Wanyamwezi na watu wa Pwani umezaliwa na misafara hiyo hiyo, na kwa kweli fundi alikuwa amemkuta mtani wake mahali pabaya.

Mpagazi wa zamani zile alibeba frasila mbili, kilo zaidi ya 30: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, risasi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na watu karibu 200, aliowatanguliza kwa makundi. Livingstone mwenyewe, alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walimbeba hadi Bagamoyo, wakamfikisha Februari 1874. Safari ile ya mwisho mpelelezi alikuwa ndiye mzigo.

Nikatoa tyubu yangu ya akiba, ya Phoenix. Ilikuwa ndefu kuliko rimu, fundi akaikunja ikaingia. Valvu yake ikawa nene kuliko tundu. Fundi akainuka, akarudi na keekee. Alipoanza kuitoboa rimu ile ya mkopo, shemeji aligeuka akawa anaitazama bahari, ingawa kutoka pale bahari haionekani.

Tukaendelea. Pale tyubu ilipokunjwa palikuwa na kinundu, kwa hiyo kila gurudumu likizunguka shemeji alirushwa kidogo, na begi likarushwa naye, likatua. Kigodoro cha suruali kilifanya kilichoweza. Tulipolipia choo kwenye kituo cha mafuta nilimkumbusha kwamba misafara ikipita Ugogo ililipa hongo kwa watemi, na kwamba kwa bei ya kukojoa siku hizi tumepona. Hakucheka. Kerege akasimama, akavua begi, akasimamisha bodaboda.

Walielewana elfu nne hadi Bagamoyo, nusu pale pale, nusu mzigo ukifika. Kijana akalipakata begi juu ya tangi la mafuta akaondoka. Nami, kwa kipimo changu mwenyewe, nikabaki sina la kusema. Mzigo ulikuwa umepata mpagazi, na mwenyewe alikuwa amekwishatoa simu anajirekodi akihema. Kuanzia Kerege barabara ile ile ilikuwa na vitu viwili: msafara wa shemeji upande wa kushoto, na matembezi yangu nyuma yake, yamebeba chapati.

Bodaboda tulimkuta Bagamoyo ameshakunywa chai. Alikuwa amekaa kwenye kivuli karibu na Ngome Kongwe, begi kando yake. Kama pangekuwa na bendera ya kusimika, angekwisha kuisimika yeye. Shemeji akatoa noti ya elfu kumi, kijana hana chenji. Mama wa chai hana chenji. "Nipe namba yako, nitakurushia," shemeji akasema, wakapeana namba.

Jioni tulikula samaki kwenye baraza ya ghorofani, na nikampa kisa cha mji ule ambacho nakipenda kuliko vyote. Stanley alisafiri tangu 1887 kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha katikati ya bara. Wapagazi wake wengi wa Unguja hawakurudi makwao. Emin alivuka salama njaa, misitu na vita, akafika Bagamoyo Desemba 1889, Wajerumani wakamfanyia karamu ghorofani. Macho yake yalikuwa mabovu. Katikati ya shangwe akatoka kupitia dirisha, akaanguka hadi chini, akavunjika fuvu. Alipona, ila alilazwa wiki nyingi.

Shemeji alisogeza kiti chake mbali na ukingo. Kisha akachagua picha moja, ile ambayo amesimama na baiskeli, begi mgongoni (tulilivalisha kwa ajili ya picha, akalivua), jua linazama nyuma ya minazi, akaipandisha kwenye WhatsApp na maneno haya: "Msafara umekamilika. Peke yangu na barabara."

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu huyo "peke yangu" simu ilipolia. Pongezi ya kwanza ilitoka kwenye namba mpya.

"Hongera sana kiongozi. Ile buku mbili ya begi vipi?"