Namna ya Kuwa na Mashine ya Moyo Kazini Bila Kumsumbua Mtu

Umefungua ghala Marekani, umeajiri watu hamsini, na sasa mtu wa bima anakuuliza kama una ile mashine ya kushtua moyo uliosimama. Usitoe jasho. Muulize swali la kila tajiri mwenye akili: nalazimika?

Mara nyingi hulazimiki. Kanuni za shirikisho za usalama kazini hazimlazimishi mwajiri kuwa nayo. Mengine yameachiwa majimbo, na majimbo kila moja na lake. Florida ilitunga sheria yake mwaka 1997, na kufikia 2001 majimbo yote 50 yalikuwa na jambo fulani kwenye vitabu. Ukizisoma kwa makini utaburudika: nyingi zinamkinga asishtakiwe yule anayeitumia mashine kwa nia njema, na wewe wa kuinunua hazikugusi. New York inazibana klabu za mazoezi zenye wanachama 500 au zaidi, kwa hiyo wa 500 mfungie mlango. Oregon inayabana majengo ya umma ya futi za mraba 50,000 na zaidi yanayokusanya angalau watu 25 kwa siku. Mwambie fundi ukuta uishie kwenye 49,900.

Ukiwa California, mwombe wakili akuchapie hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo ya mwaka 2014. Mteja alianguka dukani, moyo ukasimama, akafariki. Mahakama ikasema sheria haikulitwika duka lile wajibu wa kuwa na mashine kwa ajili ya wateja. Duka lenyewe lilikuwa likiziuza mtandaoni.

Atatokea mjuaji wa kukutajia dakika. Atasema kila dakika bila mshtuko wala kukandamizwa kifua inakula asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Atakuletea na utafiti wa mwaka 2000 uliofanywa kwenye kasino, ambako walinzi walifundishwa kuitumia: walioanguka machoni pa watu, mioyo yao ikitetemeka ovyo, wakashtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 waliondoka hospitali wakiwa hai. Mjibu kwamba kasino ina kamera kila kona. Asikukumbushe kwamba nawe unazo, za kuhesabia dakika za chooni.

Ikibidi kununua, nunua. Itundike ofisini kwako, nyuma ya mlango unaofungwa saa kumi na moja jioni. Zamu ya usiku ina vijana, mioyo yao mipya.

Ghala nililobebea maboksi lilikuwa na utaratibu mzuri zaidi. Mashine ilikaa kwenye kabati jeupe karibu na saa ya kusaini, na juu yake bango la mfanyakazi bora wa mwezi. Kuna usiku ilianza kulia: pii, kimya kidogo, pii, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Mzee mmoja wa Bukavu, tuliyekuwa tukisukuma naye toroli, akasimama akasikiliza.

“Mwanangu, hii kitu inalia njaa.”

“Betri, mzee.”

Tukamwita msimamizi. Alikuja upesi, hilo lazima tumpe, akachomoa betri, na utulivu ukarudi kazini. Jifunze hapo. Mashine hii inajipima yenyewe, ikizidiwa inapiga kelele, na ikiwashwa inamwelekeza hata asiyejua kitu: bandika hapa, kaeni mbali, bonyeza. Haimshtui ambaye moyo wake hauhitaji. Kwa hiyo hatari pekee ni kwamba itafanya kazi, na dawa ya hilo ni betri kukaa kwenye droo. Vibandiko vya kifuani navyo huisha muda baada ya miaka michache. Viache kwenye pakiti, vinapendeza.

Mafunzo mpe mtu mmoja, ikiwezekana yule aliyekwisha kuandika barua ya kuacha kazi.

Kubwa kuliko yote ni kadi ya ukaguzi inayoning'inia kwenye kabati, maana mkaguzi akija husoma kadi. Ya kwetu ilikuwa safi, miezi yote kumi na miwili imesainiwa kwa kalamu moja ya buluu. Yule mzee aliigeuza upande huu na huu, akaisogeza kwenye taa.

“Leo tuko mwezi gani?”

“Julai, mzee.”

“Hapa tumekwisha kupona mpaka Desemba,” akasema, akarudi kwenye toroli lake.