Niachieni Samaki Wangu na Njaa Yao

Mwenye mbwa akisafiri anamwachia mlinzi. Mwenye kuku anamwachia jirani, na akirudi akakuta jogoo hayupo, anajua hiyo ndiyo ada. Sisi wenye tanki la samaki wa mapambo sebuleni hatuna pa kukimbilia. Hapa mjini ukimwambia mtu una samaki, anachotaka kujua ni kama umewakaanga au umewaunga nazi.

Wangu asili yao ni Ziwa Tanganyika. Wana mistari, wana dharau, na wanamjua kila anayepita mbele ya kioo. Kila Desemba, wakwe wakituita Moshi na nusu ya Dar es Salaam ikihamia stendi ya Mbezi, ndugu na majirani huanza kunionea huruma kwa jambo lisilo na shida: eti samaki watakula nini?

Hawatakula. Samaki aliyekomaa na mwenye afya anakaa wiki nzima bila chakula, hata mbili, na hadai. Mwili wake haujipashi joto kama wetu, kwa hiyo matumizi yake ni madogo. Wapo wa ziwa hilohilo ambao jike hubeba mayai mdomoni wiki tatu, hata nne, na muda wote huo hali kitu cha maana. Na wale wanaokamatwa na wapiga mbizi wa Kigoma ili wauzwe nje hunyimwa chakula kwanza, wasije wakachafua maji ya mfuko njiani. Yaani samaki anapanda ndege kwenda Ulaya tumbo tupu, anafika, anaishi. Wangu wanaobaki Tabata, ndani ya nyumba, chini ya feni, ndio wanaoliliwa.

Sasa jaribu kumweleza hayo mtu aliyelelewa vizuri.

Safari hii nilimwachia nyumba mpwa wangu, kijana wa chuo, msomi. Nilikwenda duka la dawa nikaomba vile vibahasha vya kuwekea vidonge. Kila kimoja nikakitilia chakula kiduchu, cha kumalizwa kwa dakika mbili, nikaandika kwa kalamu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kopo lenyewe nikalifungia kabatini na ufunguo nikauweka mfukoni. Mpwa akavipanga vibahasha mezani, akavitazama, akanitazama.

“Anko, Jumanne wanakula nini?”

“Hawali.”

“Na Jumapili?”

“Hawali.”

“Hata Krismasi?”

Nikamkalisha chini. Nikamwambia chakula kisicholiwa kinazama, kinaoza, kinatoa amonia, na amonia ndiyo inayoua. Ndani ya chujio kuna bakteria wanaoigeuza kuwa kitu kingine, halafu kingine tena kisicho na makali sana, ila kazi yao ina kiwango. Ukimwaga cha wiki kwa siku moja, wanazidiwa. Pampu ikizimika, wanakosa hewa, wanakufa na wao. Akasema, “Sawa, Anko.” Ilikuwa ile sawa ya kijana anayesubiri ufunge mlango abadilishe chaneli.

Hatujafika Chalinze, ujumbe ukaingia: “Anko samaki wanakuja kiooni.” Nikamjibu kwamba wanakuja kwa kila mtu, hata fundi wa feni walimjia. Kabla ya Korogwe ukaja mwingine: “Wanafungua midomo.” Nikajibu kwamba ndivyo wanavyopumua. Tulipokaribia Mombo ukaja ule niliokuwa nauogopa: “Mzee wa getini anasema wana njaa.”

Mzee wa getini ni mtu wa huruma kupindukia. Paka wote wa mtaa wanazijua saa zake za kula. Nikaomba nipewe niongee naye.

“Mzee, tafadhali usiwape kitu.”

“Sijawapa kitu, baba. Tonge la ugali tu. Sasa mimi nile, wao wananitazama?”

Utamjibu nini? Ukimwambia mtu wa aina hii kwamba kumlisha mwenzake ni kumuua, anakuona wewe ndiye mwenye matatizo. Wapo wanaonishauri ninunue kile kidonge kikubwa cha likizo kinachoyeyuka polepole majini. Kinayeyuka, ndiyo, na kisipoliwa kinaoza vilevile. Wengine wanasifia mashine ya kulishia yenye saa. Kwa unyevu wa Dar, chakula kinagandana ndani yake, hakitoki siku kadhaa, halafu kinaanguka chote kwa mpigo. Na hata ungepata mashine isiyo na kasoro, nani atamzuia mzee na tonge lake?

Halafu umeme ukaisha kwenye mita, usiku wa sikukuu, ili nisikose burudani. Nikanunua kwa simu, nikaanza kumsomea mpwa tarakimu 20 za LUKU, nimesimama migombani ninakotafuta mtandao.

“Anko, rudia kuanzia sita.”

“Sita ipi?”

“Ile ya katikati.”

Asubuhi yake mama mkwe alikuwa ametukaangia perege wa Nyumba ya Mungu, wakubwa, wamekolea ndimu na chumvi. Nimeshika kipande, picha ikaingia. Maji ya tanki yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Samaki wote wako juu kabisa, pua zinagusa hewa, midomo inafunguka na kufumba. Na chini ya picha mpwa ameandika: “Wanaomba tena.”

Nilipiga simu pale pale mezani. Nikapaza sauti. Asiwape chochote! Atoe maji kama robo ya tanki, achote ya ile ndoo niliyoacha wazi ili harufu ya dawa ya bomba itoke, aongeze taratibu. Akague pampu. Ugali utolewe wote, hata uliojificha chini ya mawe. Baba mkwe alisubiri nimalize, akauliza hao ni samaki gani wanaopigiwa simu. Shemeji akamjibu kwamba ni wa kuangalia. Mzee akamtazama perege kwenye sahani yake, akamgeuza upande wa pili, akaendelea kula.

Jioni maji yalianza kuangaza. Mmoja alikufa, na mzee wa getini alimzika chini ya mwembe kwa heshima zote. Nimeambiwa mpaka leo anasimulia mtaani kwamba maskini yule alikufa kwa njaa wakati mwenyewe yuko Moshi anakula sikukuu.

Siku ya kuondoka mama mkwe alitufungia mzigo, kama kawaida: mkungu wa ndizi, parachichi, maharage. Juu yake akaweka kifuko kidogo, amekifunga mafundo mawili. Dagaa, tena amewatwanga mwenyewe kwenye kinu, laini kabisa.

“Hawa si wa kwenu,” akasema. “Ni wa wale viumbe. Nimewaona kwenye simu, wamekonda.”

Nikafungua mdomo nianze habari za amonia. Mke wangu akakipokea kifuko kwa mikono miwili, akashukuru, akanikanyaga mguu.