Mwongozo wa Kibonge Aendaye Hospitali

Usianzie hospitali. Hakuna anayeanzia huko, nawe usijitie ujuaji. Anzia harusini, kwa shangazi ambaye hamjaonana tangu Idi. Atakushika mkono juu ya kiwiko, aubinye kama anayechagua papai sokoni, kisha atangaze: "Mwanangu, umejaa!" Pokea kwa tabasamu. Hapa Dar es Salaam neno hilo lina pande mbili, na yeye peke yake ndiye ajuaye amekupa upi. Kitambi kile kile kilichokuwa ushahidi kwamba ndoa imekukubali, siku hizi kinaitwa nyama uzembe.

Kuanzia hapo utatibiwa bure na kila mtu. Bodaboda atakupa maji ya moto na ndimu. Mwenzako ofisini ana chai ya kukata tumbo, ya pakiti, yenye picha ya msichana asiyewahi kuwa na tumbo. Kunywa, kama unapenda kuijua njia ya chooni gizani. Nyingi za chai hizo ni sanamaki, ile ile uliyopewa na bibi ulipofunga choo, ila bibi hakukutoza. Inapunguza maji na mavi. Mafuta yanabaki pale pale, yanakutazama. Na chai za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Pakiti itakuambia ni majani matupu.

Sasa nenda hospitali.

Mizani huwa koridoni, kwa sababu waliojenga hawakufikiria watu kama sisi. Vua viatu, vua mkanda, weka chini simu zote mbili na funguo. Haitasaidia. Muuguzi atasoma kwa sauti ya kumfikia mwandishi aliye mezani: "Tisini na mbili!" Benchi zima litageuka, hata yule mzee asiyesikia. Kisha watagawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 92 na mita 1.65 anapata karibu 34. Kuanzia 25 umezidi uzito, kuanzia 30 ni unene wa kuitwa ugonjwa. Hesabu hiyo aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, naye hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akimtafuta binadamu wa wastani. Haijui kutofautisha misuli ya kuli wa bandarini na mashavu ya karani. Kwa hiyo daktari akichukua futi ya kupimia kiuno, usicheke. Huyo anajua kazi.

Utaulizwa unakula nini, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Utashangaa kusikia kinywa chako mwenyewe kikisema "mboga za majani na samaki kidogo." Soda ya saa nne hutaitaja. Chipsi mayai za usiku nazo ulikula wima, kwa hiyo hazihesabiki. Daktari ataandika ulichosema, na atamtibu huyo mtu wa mboga, ambaye hayumo chumbani.

Sikulaumu. Mgonjwa wa presha haulizwi kwanza kama ni mvivu. Mnene huulizwa, na wakati mwingine huulizwa na daktari ambaye tumbo lake limetangulia kufika mezani. Huyo atakuambia "punguza kula, fanya mazoezi" bila kuinua kichwa. Ushauri wenyewe ni wa kweli, lakini hukulipia faili ili uambiwe alichokwisha kukuambia bodaboda. Unayemtaka ni yule anayepima sukari, presha na mafuta ya damu, anayeshuku tezi ya shingoni, anayeuliza kama unakoroma na kuamka umechoka. Na atataka kujua dawa unazotumia, kwa sababu predinisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya sindano za uzazi wa mpango huongeza uzito zenyewe. Wapo waliofunga kula mwaka mzima wakipigana na kidonge chao.

Kisha utataka sindano. Umeshaisikia: semaglutide, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wanene. Huiga homoni ya utumbo inayoipasha akili habari kwamba umeshiba, na huchelewesha chakula tumboni. Dawa ya mwanzo kabisa ya ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na mate ya mjusi wa jangwani mwenye sumu. (Ukimsimulia shangazi, mjusi mruke.) Semaglutide inafanya kazi kweli. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2021, waliochoma kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15. Baadhi walitapika pia, na wengine choo kiligoma.

Huanzwa kwa dozi ndogo, ikapandishwa taratibu, na kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa hiyo dada anayekuletea kwenye mkoba, saa nane mchana, akitokea Kariakoo kwa daladala, mshukuru na umsindikize kituoni. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia.

Kuna na puto. Pale hospitali ya Mloganzila hushushwa tumboni bila kupasuliwa, likakaa miezi likikubania nafasi ya ugali, kisha hutolewa. Hutolewa, nimesema.

Jambo ambalo watu hawaulizi chumbani ni siku dawa itakapoisha. Walioshiriki jaribio lile la sindano na kufuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walirudishiwa takriban theluthi mbili ya walichopoteza. Uliza mapema: nitachoma hadi lini, na nani atalipa?

Ukiwa umekonda, peleka suruali kwa fundi. Wangu anakaa chini ya mwembe na cherehani ya miguu. Alinizungushia futi kiunoni, akaitazama, akanitazama mimi, akabana inchi tatu. Niliporudi kuichukua nilikuta kitambaa chote kimekunjwa ndani ya mshono.

"Mbona hukukata, fundi?"

"Nimekuhifadhia, bosi," akasema, akachukua ya mwingine.