Faili Moja, Wenyewe Wawili

Sisi watu wa C hatuna makuu. Ukishafungua faili, tupe pointa yake tuandike neno letu, basi. Ndivyo nilivyomwambia jirani yangu wa meza, kijana wa Python, tulipopewa kazi ya stakabadhi: skripti yake ifungue faili na kuandika bidhaa, kisha maktaba ya C iongeze jumla.

"Usijali, kaka," akasema. "Nakukabidhi likiwa wazi."

Stakabadhi ikatoka na JUMLA juu kabisa, halafu unga, sukari na mafuta ya kupikia vikafuata chini kama wageni waliochelewa harusi. Mama wa uhasibu akavua miwani, akauliza: "Wanangu, siku hizi tunadai kwanza ndiyo tuuze?"

Kijana akailaumu C. Mimi nikailaumu Python.

Zamani ugomvi huu haukuwapo. Python 2 ilitumia stdio ya C yenyewe. Ukiita PyFile_AsFile, unapewa FILE * ileile inayotumiwa na skripti. Ilipokuja Python 3, mwishoni mwa 2008, ikaja na mfumo wake wa kusoma na kuandika. Sasa kuna PyObject_AsFileDescriptor, nayo haikupi faili, inakupa namba. Sisi tulipewa 3, maana 0, 1 na 2 zina wenyewe tangu programu inapoamka. Namba ni halali, kernel inaitambua. Ila unga na sukari bado vimo kwenye bafa ya Python, vikingoja bafa ijae au faili lifungwe. C haivioni. Inaandika jumla yake na kwenda zake.

Dawa ikawa kuita flush() kabla ya kukabidhi. Tukashangilia mapema mno.

Maktaba nyingine ya C tuliirithi kwa mtu msafi kupita kiasi: kila akimaliza kuandika, fclose. Na fclose haiishii kwenye FILE *, inafunga hata namba iliyo chini yake. Python ikija kufunga ilichofungua, inapiga kelele: "OSError: [Errno 9] Bad file descriptor". Hiyo ni siku ya bahati. Siku ya mkosi hakuna kelele, kwa sababu kernel hugawa namba ndogo kuliko zote zilizo huru. 3 ikiachwa, faili jingine linaichukua, na Python inalifunga hilo kwa moyo mweupe. Kwetu lilikuwa faili la kumbukumbu za makosa. Ndiyo maana kosa lenyewe halikuandikwa popote.

Basi tukapitisha namba kwenye dup(), C ikapata nakala yake ya kufunga itakavyo. (Lua, ya Wabrazili, ni muungwana zaidi: kwa luaL_checkudata unaifikia FILE * halisi. Lakini skripti ikilisahau faili, mzoa taka wa Lua analifunga ungali umelishika.)

Juzi kijana kaniletea faili jipya. Nikaomba namba, Python ikajibu: "UnsupportedOperation: fileno". Kumbe ni StringIO, faili lililo kichwani mwa Python tu, diskini halipo.

Siku hizi mtu wa skripti akitaka tuchangie faili, namwomba jina la faili hilo tu. Nalifungua mwenyewe, nalifunga mwenyewe.