Kifurushi cha Kula

Mama alisukuma chapati arobaini usiku wa kuamkia safari. Hapo ndipo hesabu za shemeji zilipoanza kuharibika, ingawa mwenyewe hakugundua mpaka siku ya pili.

Tulikuwa tunatoka Atlanta, anakoishi dada yangu, kwenda Orlando katika jimbo la Florida. Ni kama kilomita 700, mwendo wa saa saba kama gari halina abiria wa kusimamisha kila baada ya nusu saa akajisaidie. Letu lilikuwa na abiria wa namna hiyo watatu, mmoja wao mimi. Mimi na Mama tulikuwa wageni kutoka Tanga. Shemeji, mtu mwema kupita kiasi, mhasibu kwa kazi na kwa maumbile, alikuwa ameazimia kumfanyia mkwewe jambo litakalosimuliwa harusini na msibani: siku tano katika hoteli ya bustani ya michezo, zile bustani kubwa za Kimarekani zenye vigari vya kupindua utumbo na watu wazima waliojivika sura za wanyama. Na ili Mama asione haya kuagiza chakula, shemeji alilipia kabisa mpango wa kula. Unatoa pesa leo, unakula kesho.

"Yaani kifurushi," nilimfafanulia Mama. "Kama cha simu."

"Na muda wake ukiisha?"

"Kinafutika."

Mama akarudi jikoni, akaongeza unga.

Mpango unaojulikana kuliko yote wa aina hii ni wa Walt Disney World, iliyofunguliwa jirani na Orlando hiyo hiyo mwaka 1971. Waliuanzisha mwaka 2005, wakausimamisha mwaka 2020 korona ilipofunga dunia, wakaurudisha Januari 2024. Hoteli yetu sitaitaja jina, kwa kuwa katika kisa hiki waliotukosea ni sisi wenyewe, lakini hesabu ya Disney inatosha kukupa picha. Mwaka huo wa 2024 ule mpango mdogo, wa chakula cha kaunta, ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kwa kila usiku, na dola 23.83 kwa mtoto. Kwa pesa hiyo unapata milo miwili, kitafunwa kimoja, na kikombe chenye mfuniko cha kujazia soda hotelini mpaka siku ya kuondoka. Na wote mnaolala chumba kimoja sharti muingie. Huwezi kusema bibi yenu hali sana, mwacheni.

Ila jambo la kuangalia ni nani anaitwa mtu mzima. Kule utu uzima unaanza miaka 10. Mpwa wangu mkubwa alikuwa ametimiza kumi mwezi mmoja kabla. Kwetu mtoto wa kumi anatumwa chumvi anarudi na kiberiti. Kule ni mtu mzima kamili, bei moja na mimi mwenye ndevu za mvi, na mezani anadonoa kama chiriku.

Basi tukawa watu wazima watano na mtoto mmoja. Piga hesabu: dola 308.88 kwa usiku, na kwa siku nne za kulala dola 1,235.52. Zaidi ya shilingi milioni tatu. Niliponong'ona kiasi hicho sikioni mwa Mama, alinyamaza kilomita kadhaa, kisha akasema kwa sauti ya chini, ili mkwewe asisikie, "Kwa hela hiyo mtu anaoza binti, na majirani wanafungiwa pilau."

Mkwewe alisikia. Lakini mkwe wa Kitanga hamjibu mama mkwe. Aliniangalia mimi kwenye kioo. "Shemeji, milo 48," alisema. "Vitafunwa 24. Vikombe sita." Kwa siku tano zilizofuata hiyo ndiyo ikawa njia yetu ya mawasiliano: yeye ananiambia mimi, mimi namwambia Mama, Mama anafanya alivyotaka tangu mwanzo.

Shemeji alikuwa na jedwali kwenye simu. Alishakokotoa kwamba ili pesa irudi, mlo wowote usipungue dola 20. Siri ya mipango hii ni hapo. Pointi moja ni pointi moja, uchukue saladi au uchukue sahani inayobebwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo anayefaidi ni yule anayepitia orodha yote kutafuta cha bei ya juu, halafu anakila, ana njaa hana. Wanakuuzia raha ya kutoangalia bei. Shemeji alikuwa amelipa asiangalie bei, na kwa siku tano hakuangalia kitu kingine.

Sisi tulikuwa na mtihani wa ziada. Nyama hatukugusa, maana hatukujua imechinjwaje; tulishika samaki, chipsi na piza ya jibini. Basi nusu ya orodha, tena ile nusu ya juu, ilikuwa ya wenzetu. Halafu kukawa na suala la kinywaji. Kwenye mpango kama ule wa Disney, aliyefikisha miaka 21 mlo wake unakuja na kinywaji, na anaweza kuchagua bia kwa pointi ile ile. Wajuzi wanasema hapo ndipo pesa inaporudi haraka. Dada yangu, kwa kutojua uzito wa neno, alimtafsiria Mama.

Mama aliweka uma chini. "Kwa hiyo tumelipia ulevi?"

"Hatujaulipia, Mama," nikasema. "Umo tu ndani."

"Umo ndani ya nini?"

"Ndani ya bei."

"Na bei kalipa nani?"

Nilimtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatazama jedwali lake, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona kwamba kuna safu aliyoisahau. Mama aliagiza maji. Maji ya kwenye glasi ni ya bure kaunta yoyote, unaomba unapewa. Yeye alichukua ya chupa, kwa kitafunwa.

Kuhusu ndizi lazima niseme polepole.

Kila mmoja wetu alivishwa bangili ya plastiki. Unaigusisha kwenye kimashine, kinalia, chakula kinatoka. Mama mwanzoni aliidharau, akasema bangili hununuliwa, haijapata kununua. Kufika siku ya pili alikuwa fundi. Asubuhi, sisi tukiwa bado tunatafuta viatu vya watoto, alishuka peke yake, akaenda dukani kwa hoteli, akagusisha. Tulimkuta kwenye benchi ametulia, anamenya ndizi. Ndizi moja. Ya njano, nyembamba, isiyofikia hata nusu ya mzuzu.

Shemeji alikaa ukingoni mwa njia ya miguu kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Pointi ile ile ya kitafunwa ingetoa aiskrimu ya dola saba. Ndizi ile haikufika dola mbili. "Muulize Mama," aliniambia taratibu, "kama angependa aiskrimu siku nyingine." Nikamuuliza. Mama akasema meno yake hayapatani na baridi, na kwamba ndizi ni tamu ila haina harufu. Kisha akaonyesha mkoba. Alichukua na nyingine, ya njiani.

Siku hiyo hiyo, mchana, ndipo chapati zilipotoka.

Lazima nieleze jua la Florida mwezi wa Julai. Sisi ni watu wa pwani, joto tunalijua, lakini letu lina upepo wa bahari wa kuliombea msamaha. Lile linakukalia tu, kisha alasiri linaleta radi na mvua ya kumwaga, kisha linarudi tena kukukalia. Katikati ya hali hiyo tulikuwa kwenye foleni ya chakula, dakika ya thelathini, watoto wananing'inia kwenye mikono yetu kama nguo zilizoanikwa. Mama hakuwapo foleni. Alikuwa chini ya mti, amekunja miguu kwenye kanga, na mbele yake amefungua karatasi ya fedha.

Mle ndani kuingia na chakula chako kunaruhusiwa. Asubuhi mlinzi wa getini alifungua mfuko, akakuta chapati zimepangwa kama daftari za shule, akavuta pumzi ndefu, akatuambia tupite. Sasa harufu ile ile iliyompata mlinzi ilitufikia foleni. Mpwa mdogo ndiye aliyeponyoka kwanza. Akafuata mkubwa, yule mtu mzima. Dada akasema anakwenda kuwaangalia watoto. Mimi nikasema nakwenda kumwangalia dada. Shemeji alibaki peke yake foleni, akashikilia msimamo kama dakika tano hivi, kisha akaja akakaa majanini akala chapati tatu, moja kwa korosho na mbili kwa huzuni. Milo sita ilibaki mchana huo bila kuguswa. Zilikuwa chapati nzuri. Naye alikiri hivyo, akasema ndilo tatizo.

Niseme kwa haki: mipango hii haipunji kila mtu. Nilimwona baba mmoja wa Kimarekani, mwili mkubwa, wanawe watatu wavulana wa kati ya miaka saba na tisa, wote walaji. Wanawe wanalipiwa kitoto wanakula kiutu uzima, yeye anachukua bia yake kila mlo, kitafunwa chake ni aiskrimu kubwa kuliko zote, na kikombe hakimbanduki mkononi. Yule alikuwa anarudisha pesa yake mbele ya macho yetu, sahani kwa sahani. Shemeji alimtazama kama sisi tunavyomtazama mtu mwenye nyumba Oysterbay. Lakini mpe huyo huyo mama mkwe kutoka Tanga, halafu tuone.

Kwenye kikombe tulijaribu kufuta machozi. Kila kikombe kina kidude cha kukitambulisha kwenye mashine, na mashine ziko hotelini tu, si bustanini. Basi shemeji alianza kuamka usiku. Alikunywa soda saa sita, akanywa saa nane, akapita chumbani akitembea kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku, mfuniko unagongagonga. Siku ya tatu macho yalikuwa mekundu. Dada akamwambia, "Mume wangu, hicho kikombe utakirudisha kwa gharama ya figo."

Usiku wa mwisho uliitishwa mkutano. Tulikuwa tumebakiwa na milo 15 na vitafunwa 17, na safari ni asubuhi. Kila mtu aliyewahi kununua kifurushi cha wiki anaijua hali hii: saa tano na nusu usiku, umebakiwa na data, unaanza kupakua video za mapishi ya nchi ambazo hutafika. Tulikula chakula cha jioni saa moja. Saa tatu tukala tena. Mimi nilishika sahani ya pili ya samaki wa kukaanga kwa ajili ya heshima ya ukoo. Kipande cha mwisho nilikimeza nikiwa nimesimama, maana kukaa kulishakataa. Mpwa mkubwa alilala uso kwenye chipsi. Mama alisali isha, akala chapati moja iliyopashwa, akalala.

Vitafunwa vikageuzwa peremende. Asubuhi shemeji alitoka dukani na mifuko miwili, uso una nuru kwa mara ya kwanza tangu ile ndizi. Nuru ilidumu mpaka garini, dada alipoanza kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Zile laini za kuvutika zina jelatini, na jelatini ya nani haikuandikwa. Nusu ya shehena ikahukumiwa palepale kwenda kwa majirani wa Atlanta.

Kuhusu safari ya kurudi sitasema mengi. Wale samaki walidai haki yao mpakani mwa Georgia, na kuanzia hapo hakuna kituo cha mafuta nisichokijua choo chake.

Niliwahi kumuuliza dada, tukiwa tunavua viatu mlangoni, kama ilistahili. Alisema kwa upande wake ilistahili kabisa, kwa sababu hakupika siku tano. Alikuwa anasema hivyo huku anaosha chombo cha chapati.

Mama alirudi Tanga na peremende zilizohalalishwa, bangili ambayo hailii tena popote, na kikombe. Kikombe kiko jikoni, ndani ya gunia la mchele. Kimegeuka kibaba. Mfuniko kauchukua mtoto wa jirani, anauchezea kama usukani.

Wiki iliyopita shemeji alipiga simu ya video kumjulia hali mkwewe. Mama alikuwa anapima mchele wa mchana, simu nimemshikia mimi. Walisalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Kisha nikaona macho ya shemeji yamehama usoni pa Mama, yameshuka kwenye mkono wake.

"Shemeji," aliniita kwa sauti ya chini. "Hicho kikombe Mama anakitumia kila siku?"

"Kila siku. Mchana na jioni."

Kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia anabonyeza vitufe.